Kabla Hujaandika Barua ya Mwaka 1898

Wengi wanaoingia kwenye mchezo wa kuandikiana barua za kale, ambamo kila mchezaji huandika kama mhusika wa kubuni wa zamani, huanza kwa kununua wino na lakiri ya kufungia barua. Pesa huishia hapo, lakini barua haiharibikii hapo. Huharibika pale karani wa Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, anapomwandikia mfanyabiashara wa Mombasa Jumatatu, naye akajibu Alhamisi akiwa na habari zote mpya, utadhani mmoja yuko Wandegeya na mwingine Ntinda, mitaa ya Kampala. Kwa hiyo tunaanza na kalenda. Vifaa vitafuata.

Chagueni kipindi kifupi chenye mabadiliko mengi. Kwa walioko Uganda, miaka ya 1895 hadi 1902 inatosha kabisa. Mwaka 1895 zilitumika stempu zilizopigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar pale Mengo, bei zake zikiwa kwa kauri, yaani simbi zilizotumika kama fedha. Mwaka uliofuata bei zikahamia kwenye anna na rupia, fedha za Kihindi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi Mei 1899 na ukingoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901. Katikati yake kuna maasi ya askari wa Kisudani ya 1897, kukamatwa kwa Mwanga, aliyekuwa Kabaka wa Buganda, na Kabalega wa Bunyoro Aprili 1899, na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Mhusika wako hahitaji kuwa karibu na lolote kati ya hayo. Anahitaji kulisikia tu, tena kwa kuchelewa, na mara nyingi likiwa limeshapotoshwa njiani.

Sasa hesabu ya njia. Kabla ya reli, msafara wa miguu kutoka pwani hadi Buganda ulichukua takriban miezi mitatu. Wakimbiaji wa posta walikuwa wepesi zaidi, lakini barua ya mtu wa kawaida aliyemkabidhi rafiki anayesafiri ipeni miezi mitatu. Fanyeni wiki moja ya kwetu iwe mwezi mmoja wa wahusika. Barua ya Mengo kwenda Mombasa ya mwaka 1896 italala basi wiki tatu kabla ya kufunguliwa. Reli ikisonga, punguzeni: kuanzia katikati ya 1899 wekeni wiki mbili, na mkishaingia 1902 siku mbili tatu tu, kwa kuwa treni inafika ziwani, na meli ya William Mackinnon inaelea humo tangu 1900. Hizo wiki ni kanuni ya mchezo, lakini zinaufuata mwendo wa historia, na wachezaji huanza kuuona umuhimu wa reli bila kuelezwa.

Barua isikae kwa mwandishi wakati wa kungoja. Atashindwa kujizuia, ataifungua aongeze mstari. Mteueni mtu wa tatu awe karani wa posta: anapokea barua zilizofungwa, anaandika tarehe ya kutoka, anaziachilia siku yake ikifika. Kama mnapenda shida kidogo, karani apige dadu kwa kila barua. Ikitokea moja, barua inachelewa wiki nzima zaidi, na hamwambii mtu. Msiruhusu barua kupotea kabisa katika miezi ya mwanzo. Mgeni aliyekesha akiandika kurasa nne, kisha zikapotezwa na dadu, harudi tena.

Kila mchezaji awe na daftari lenye safu tano: namba ya barua, tarehe ya mhusika, tarehe halisi ya kuikabidhi, tarehe ya kuipokea, na habari mpya zilizomo. Safu ya tano ndiyo inayowaokoa watu. Kabla ya kuandika, soma safu hiyo tu. Kama jambo halimo, na halikutokea mahali mhusika wako alipo, basi halijui. Mwanga alikamatwa tarehe 9 Aprili 1899 huko Lango. Barua ya Mombasa ya tarehe 12 Aprili haiwezi kumtaja kama mfungwa. Mwandishi wake ataendelea kuuliza kama njia ni salama au bado kuna vita, na msomaji wa Mengo, anayejua mambo yameshaisha, atalisoma swali hilo wiki kadhaa baadaye. Raha ya mchezo iko hapo.

Barua zitapishana, na zipishane. Andika namba juu, kisha ndani useme unajibu ipi: “barua yako ya pili imewasili nami nimefahamu yaliyomo.” Usipofanya hivyo, baada ya barua ya tano hakuna anayejua nani anamjibu nani. Rudia kwa ufupi jambo unalolijibu, maana mwenzako aliliandika zamani na huenda amelisahau.

Kuhusu mwanzo wa barua: mtu wa pwani wa miaka ile hakuanza na “Habari za siku nyingi.” Alianza na vyeo na dua, “Ila jenabi, al-muhibbu, al-akramu, fulani bin fulani,” kisha salamu, kisha “wabaadu” (yaani baada ya hayo), ndipo akasema hali yake ni njema wala hana neno ila kheri. Hata kama mjomba wake amefariki, kheri hutangulia na msiba hufuata mstari wa tatu. Mwishoni huja salamu kwa waliopo nyumbani, mmoja mmoja kwa majina, kisha “wasalaam” na jina la aliyeandika. Wageni hulikata hili kwa kuliona refu. Msilikate, ndani ya vyeo hivyo ndimo ugomvi unapojificha. Mtu aliyekuwa akiitwa “ndugu yangu mpenzi” barua tatu mfululizo, ya nne akaitwa “bwana” tu, ameelewa bila kuambiwa.

Mhusika asiyejua kusoma ni chaguo zuri sana na watu hulikwepa bure. Kuandikiwa barua ilikuwa kawaida hata kwa wakubwa: Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa na Dallington Maftaa, aliyebaki kwake mwaka 1875 msafiri Stanley alipoondoka, akimwandikia barua zake. Mke wa askari anayemtumia mwandishi atakuwa na sauti mbili kwenye ukurasa mmoja, yake na ya yule aliyeshika kalamu, na mwandishi ana haki ya kuongeza mwishoni “nami mwandishi nakusalimu sana.” Angalia tu asiseme siri ambayo hangeweza kuisema mbele ya mwandishi.

Usichukue mhusika aliyeishi kweli. Apolo Kagwa, katikiro (waziri mkuu) wa Buganda wa enzi hizo, ana wajukuu na vitukuu, na maneno utakayomwekea mdomoni si yako kuyasema. Tunga karani mdogo, mpagazi, fundi cherehani, binti aliyesoma misheni. Mambo ya utumwa na mauaji ya vita yajadiliwe kabla, nje ya barua. Ukitaka kumwambia mwenzako jambo la leo, kwamba unaumwa au umechoshwa na kisa, tumia kikaratasi cha pembeni cha rangi nyingine kilichokunjwa ndani. Usiliingize kwenye barua yenyewe kwa mafumbo, hatalielewa.

Makosa ya wakati yanajirudia, nayo ni yale yale. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921. Miaka ya mchezo wetu ni rupia, na rupia ni anna 16, na kauri zilihesabiwa 200 kwa rupia wakati wa stempu za Millar. Kenya kama jina la nchi ni 1920, na hadi 1902 pande za Kisumu na Naivasha zilikuwa ndani ya Uganda. Kituo cha reli cha ziwani Wazungu walikiita Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Pamba ya kuuza haikuwapo hadi 1903. Treni haikufika Kampala hadi 1931, kwa hiyo mhusika wa 1902 anashuka ziwani na kupanda meli. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu frasila mbili, kama kilo 30. Ukimbebesha gunia la kilo 100, umemuua. Bei msizitunge. Andika kwamba merikani (kitambaa cha pamba) imepanda, au kwamba safari hii bei haikukubalika, basi. Neno likikutia shaka, litafute kwenye kamusi ya Krapf ya 1882. Chumba cha vitabu vya Afrika katika maktaba ya Makerere ni mahali pazuri pa kuanzia upekuzi wa aina hiyo.

Mhusika Mwislamu ataandika tarehe ya Hijria, na hapa watu huanguka kwa sababu hubadilisha mwaka wakasahau miezi. Mwaka 1316 ulianza mwishoni mwa Mei 1898, na Ramadhani yake ikaangukia Januari na Februari 1899. Anayefunga Julai 1898 amekosea miezi.

Karatasi. Usiipake chai, na usiunguze kingo kwa kiberiti. Karatasi za 1898 tunaziona za manjano kwa sababu zimezeeka miaka zaidi ya mia moja. Mhusika wako aliipokea ikiwa mpya. Nunua karatasi ya rangi ya krimu, gramu 100, kwenye maduka ya Nasser Road au Nkrumah Road mjini Kampala, ukatiwe papo hapo kwa mashine. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino na herufi zikaota nywele. Kama huna nyingine, chemsha kijiko kimoja cha chai cha wanga wa muhogo katika kikombe cha maji, pitisha juu yake kwa brashi laini, anika kivulini, kisha isugue kwa mgongo wa kijiko mpaka ing’ae kidogo. Ukianika juani itajikunja na haitanyooka tena.

Wino mweusi unatengenezeka nyumbani. Shika sahani ya udongo juu ya ulimi wa taa ya mafuta ya taa, kusanya masizi vijiko viwili vya chai. Gundi ya mgunga, ile inayotoka Karamoja, isage unga kijiko kimoja, iloweke usiku kucha katika vijiko vinne vya maji moto, chuja kwa kitambaa. Ukimimina maji moja kwa moja, masizi yataelea juu na kukataa kuchanganyika, kwa kuwa yana mafuta. Yaloweshe kwanza kwa matone machache ya waragi (pombe kali ya Uganda), yasage mpaka yawe uji mzito, ndipo utie gundi kidogo kidogo huku ukisaga, nusu saa au zaidi. Karafuu mbili ndani ya chupa huzuia kuvu. Jaribu kwenye kipande cha karatasi na ungoje kikauke: ukipitisha kidole ukapata weusi, gundi ni chache; ukikunja karatasi na wino ukapasuka kama rangi ya ukutani, gundi imezidi, ongeza maji na masizi. Hata wino mzuri huchakaa kwenye kunjo, kwa hiyo kunja karatasi kabla ya kuandika na uache nafasi palipo na alama. Wino huu usiutie kamwe kwenye kalamu ya kisasa yenye tangi. Utaiziba, na haizibuliki.

Karani wa serikali atumie nibu (ncha ya kalamu) ya chuma. Nibu mpya huja na mafuta ya kiwandani, na wino hujikusanya matone badala ya kushuka. Ipanguse kwa kitambaa chenye sabuni, uikaushe. Anayeandika kwa herufi za Kiarabu anahitaji tete lililokauka, linene kama kidole kidogo, likatwe mshazari na kupasuliwa mwanya wa sentimita moja katikati ya ncha. Tete bichi hupinda baada ya mistari miwili. Weka irabu zote, kwa sababu mwandiko wa zamani haukutenga vizuri sauti kama p na b, na msomaji wa leo atakwama.

Lakiri halisi ni ya vijiti na huvunjika ikikauka. Mshumaa wa kawaida haufai: hutoa duara la mafuta kwenye karatasi na hulainika ndani ya begi likikaa juani. Dondosha kiasi cha sarafu, hesabu mpaka kumi, bonyeza muhuri uliolowa maji, uache mpaka upoe. Muhuri mkavu utang’oka na lakiri yake.

Barua ya mhusika iingie ndani ya bahasha ya kawaida yenye jina halisi na sanduku la posta la mpokeaji, maana posta haitamtafuta Fulani bin Fulani wa Mengo, na hapa hakuna wa kukuletea mlangoni. Kwa Arua au Gulu, watu wengi hukabidhi vifurushi kwenye ofisi za mabasi. Hapo weka kadi ngumu ndani, lakiri isivunjike chini ya mizigo.

Stempu ukitaka kuigiza zile za Millar, ipige kwa taipureta lakini uibandike kwenye barua ya ndani tu, na nyuma yake andika kwa penseli “igizo” na mwaka halisi. Fanya vivyo hivyo nyuma ya kila ukurasa, kwenye kona. Stempu za kauri ni adimu na za ghali, za bandia zimeshakuwa nyingi, na zile za asili zilikuwa rahisi kuigwa tangu mwanzo. Penseli haipauki kama wino, na haipenyi upande wa pili.