Jua maneno kwanza, filimbi baadaye

Nilipoanza kupiga filimbi ya bati nikiwa Cork, mji wa Ayalandi, nyimbo za dansi za huko hazikunipa shida. Zina mapigo, mguu ukishagonga sakafu, vidole vinafuata. Zilizonitoa jasho ni zile za taratibu, zisizo na mapigo ya kuhesabu, ambazo mtu mmoja huzipiga peke yake huku wenzake wote wamenyamaza.

Nilichagua “Amhrán na Leabhar”, yaani Wimbo wa Vitabu. Nikachapisha noti, nikahesabu moja-mbili-tatu kila jioni kwa wiki tatu. Kila noti ilikaa mahali pake, na wimbo wenyewe haukuwepo. Mzee mmoja mpiga fidla alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: “Hapo ulipovuta pumzi, mwimbaji anasema nini?” Sikujua. Nilikuwa nimevuta pumzi katikati ya neno.

Mahadhi mengi ya aina hii ni ya nyimbo za Kiayalandi zinazoimbwa bila ala yoyote, kwa mtindo uitwao sean-nós, maana yake “desturi ya kale”. Noti inarefuka au kufupika kwa kufuata silabi, na karatasi haiwezi kukuonyesha hilo. Kama umewahi kumsikia mtu akighani utenzi, unalijua jambo hili tayari: kila kipande kina mizani nane, lakini mghani hukawia pale maana inapomshika.

Basi nikaiweka filimbi kabatini. Nikasoma habari za mtunzi, Tomás Rua Ó Súilleabháin, mwalimu na mshairi wa kaunti ya Kerry aliyefariki mwaka 1848. Alikuwa akihama, vitabu vyake vikapakiwa kwenye mashua, mashua ikagonga mwamba, vyote vikazama. Mwalimu wa kijijini, zama zile, na vitabu alivyovikusanya kimoja kimoja! Baada ya kujua hayo sikuweza tena kuuharakisha wimbo ule. Nikatafuta rekodi za waimbaji, nikawaacha kwanza wapiga ala, nikaimba nao ubeti mmoja tu mpaka nikajua kila pumzi yao inaingia wapi.

Ndipo nikaichukua filimbi. Yaliyobaki ni kazi ya mikono na mapafu. Pumzi iwe ndogo lakini isitetereke, kwa sababu ikilegea sauti inashuka. Kuinua kidole na kukirudisha upesi, pambo tunalolirundika kwenye dansi, hapa liweke pale tu mwimbaji anapoikunja sauti yake. Unapotaka kupanda kwa kuteleza, kiondoe kidole juu ya tundu polepole, kama anayefunua chungu akichungulia. Mstari ukiisha, nyamaza. Usijaze hapo kitu.

Anza na ubeti mmoja. Wangu ulinichukua miezi minne, na hata leo, kabla sijaupiga mbele ya watu, huwa nauimba kwanza kimoyomoyo.