Tope linaloelea: angalia naitrojeni kabla ya hewa

Umeuliza kama tope la mtambo wa majitaka wa kiwanda cha juisi, yaani lile rundo la bakteria wanaosafisha maji, linagoma kuzama kwa sababu hewa haitoshi. Hapana mkuu, tope kugoma kuzama kwenye tangi la kutulizia si lazima iwe shida ya hewa. Maji ya kiwanda cha juisi yamejaa sukari, ila naitrojeni na fosforasi ni kiduchu. Kwa mtambo wa kupuliza hewa, pa kuanzia ni 100:5:1, yaani kila kilo 100 za BOD (uchafu unaoliwa na bakteria, unaopimwa kwa oksijeni wanayotumia) zinataka kilo 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Zikipungua, bakteria wa nyuzinyuzi ndio wanaonawiri, na wengine wanatoa ute. Nimeendesha mtambo wa hivyo hapa Moshi: kwenye silinda ya lita moja, nusu saa imepita na tope bado limejaa karibu na ukingo, ukilishika linateleza kama mlenda. Tulitia mbolea za yurea (ya naitrojeni) na DAP (ya naitrojeni na fosforasi), hizi hizi za duka la pembejeo, kidogo kidogo kila siku, likaanza kushuka baada ya wiki kadhaa. Usimwage kwa kukisia lakini. Ziada inatoka na maji mpaka mtoni kuotesha mwani. Pima amonia, naitreti na fosfeti kwenye maji yanayotoka. Zote zikisoma sifuri, bakteria wana njaa hao. Tangi la kusafishia maji bila hewa linahitaji naitrojeni na fosforasi pungufu ya hiyo 100:5:1.