Kushuka daraja au leseni?

Mkuu, umeuliza kwa nini Super League ya Uingereza, ile raga ya wachezaji 13, isirudishe kupanda na kushuka daraja kama soka. Ilikuwapo, na utamu wake ulikuwa mkubwa. Mwaka 2016 Hull KR na Salford walikutana kwenye mechi moja ya kuamua nani abaki. Salford wakasawazisha dakika za mwisho, ikaingia muda wa bao la dhahabu (wa kwanza kupata alama anashinda), Gareth O'Brien akapiga teke la mbali: 19-18, Hull KR chini. Mtazamaji anashangilia, ila ajira za watu pale klabuni zinaning'inia kwenye teke moja.

Leseni nazo (2009 hadi 2014), yaani klabu kupewa nafasi ya ligi kwa vigezo badala ya matokeo ya uwanjani, hazikuwa dawa. Crusaders wa Wales walipewa, na 2011 wakajitoa wenyewe kwa sababu ya fedha.

Kisha zikaja alama za IMG, kampuni ya biashara ya michezo, za kuamua klabu zipi ziwe Super League: uwanja, mapato, mashabiki, matokeo kidogo. London Broncos walipanda 2023 kwa kushinda uwanjani, na kabla hawajacheza hata mechi moja ya msimu wa 2024 makadirio ya alama hizo yakawaweka nafasi ya 24 kati ya klabu zote, yaani nje ya Super League. Hapo mchezaji anapigania nini?

Australia wanaishi bila kushuka kwa sababu fedha za televisheni zinatosha kila klabu. Uingereza hazitoshi. Mimi ningeweka masharti ya chini ya uwanja na hesabu, halafu bingwa wa daraja la pili anayeyatimiza apande. Na kushuka hakuui: Hull KR walirudi baada ya msimu mmoja tu, na 2025 wakabeba makombe yote matatu.