Mtoto Kafungua Tai Yangu

SWALI: Shikamoo fundi. Tai yangu nilifungiwa na shemeji mwaka 2019. Tangu hapo nikiivua nailegeza tu, naipitisha kichwani, naitundika msumarini. Juzi mwanangu kaichezea, fundo lote limefunguka. Jumamosi mimi ndiye mpambe wa bwana harusi, na wenzangu wanasema fundo la heshima ni Windsor. Nisaidie.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mtoto mnunulie soda, kaiokoa tai yako. Kitambaa cha tai hukatwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45, ndiyo maana kinavutika na kurudi. Ukiiacha na fundo miaka yote hiyo, mkunjo unageuka kovu. Ipitishe juu ya mvuke wa birika, kisha itundike; pasi isiiguse. Na ukiona nyuma uzi umeachwa na kitanzi kidogo, usiukate! Hapa Kariakoo nimeletewa tai nyingi zilizokatwa uzi huo eti umefumuka, kumbe ndio unaoushika mshono wote.

Fundo nitakalokufundisha si Windsor, ni jingine; sababu utaiona mbele. Sasa funga kifungo cha juu, simamisha ukosi. Upande mpana uwe kuliani kwako, mwembamba kushoto, ncha yake iishie juu kidogo ya kitovu. Kioo kiache kwanza, kitakuchanganya mikono.

Pitisha mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto. Urudishe kulia kwa nyuma ya mwembamba. Uvushe tena mbele kwenda kushoto, na safari hii tia kidole chini ya huo mkunjo wa mbele, kibaki hapo hapo. Mpana sasa uingie shingoni kutokea chini, uchomoze chini ya kidevu, halafu ushuke kwenye ile nafasi inayolindwa na kidole. Chomoa kidole. Shika mwembamba kwa mkono mmoja, fundo kwa mwingine, lipandishe polepole huku ukibonyeza katikati chini ya fundo, pabaki kishimo. Kishimo hicho ndicho kinachomtofautisha mpambe na mlinzi wa geti.

Fundo litalalia upande kidogo. Liache, ndivyo lilivyo. Ncha iguse chuma cha mkanda. Ikiishia tumboni, fungua, anza upya mwembamba ukiwa mfupi zaidi. Usichomekee tai ndani ya suruali, nakuomba.

Windsor ni fundo nene la pembetatu, linakula tai na linataka ukosi uliotanuka. Edward mwenyewe, aliyeacha ufalme wa Uingereza mwaka 1936 akapewa cheo cha Duke wa Windsor, alifunga hili hili ninalokufundisha. Unene ulitoka kwenye kitambaa kizito alichoshonewa ndani ya tai. Waambie wenzako.

Na usione haya. Mimi fundi mzima nilijua kufunga tai nikiwa na miaka 27. Baba alivaa suti za Kaunda mpaka anazikwa, na suti ya Kaunda haina tai, angenifundisha nini?

Jaribu mara kumi Alhamisi usiku, si Jumamosi asubuhi gari la bwana harusi likipiga honi nje. Ukirudi harusini, hata kama umechoka namna gani, fungua fundo lote kabla hujalala.