Barua kwa mwanangu: mbio ndefu na mafunzo ya Wastoiki

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kusoma falsafa ya Wastoiki, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, na kukimbia na kikundi chenu cha joging kila Jumamosi kutakufanya usiumizwe tena na maneno ya bosi wako. Kuumia utaumia. Wastoiki wenyewe walikubali kwamba hata mwenye hekima hushtuka na kubadilika rangi. Kazi yake huanza baada ya mshtuko, anapopima kama kilichomtisha kinastahili kumtisha.

Epictetus, mmoja wao, aliyezaliwa mtumwa na ambaye alikuwa kiwete, alitenga yaliyo katika uwezo wetu, kama hukumu na makusudi yetu, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mali, cheo na sifa. Ulimi wa bosi wako umo katika fungu la pili. Lakini anayegusa swali lako hasa ni mwalimu wake, Musonius Rufus, aliyefundisha kwamba yapo mazoezi ya nafsi peke yake, na yapo ya nafsi na mwili kwa pamoja: kuzoea baridi, joto, kiu, chakula kidogo na kitanda kigumu. Joto, sisi wa Dar es Salaam tumepewa bure. Mwezi Februari hewa hujaa unyevu hata jasho likatiririka bila kukauka, na kwa kuwa kukauka kwake ndiko kunakoupoza mwili, moyo hupiga kwa kasi zaidi ingawa mwendo wako ni uleule wa Julai. Ukivuka Daraja la Tanzanite katika hali hiyo, zoezi la nafsi ni kupunguza mwendo bila kujiona umeshindwa, hata wenzako wakikupita mmoja mmoja.

Najua utanitajia John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Namheshimu mno, ila usimfanye kisingizio. Ile ilikuwa Olimpiki, yako ni Jumamosi ya kawaida. Uchovu uvumilie, lakini goti likichoma au ukipata kizunguzungu, simama, tafuta kivuli.

Anza kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, uongeze umbali kidogo kidogo. Na kila usiku, kama Seneca, Mstoiki mwingine, alivyokuwa akifanya, ipitie siku yako: nini kilikukasirisha, nawe ulijibu vipi? Bosi umhoji baadaye, ikiwa bado utakuwa na hamu naye.

Mama yako