Vidonge vya probayotiki baada ya antibayotiki: je, ununue?

Dada wa Umoja, nimekuelewa: mama yako amemaliza antibayotiki, tumbo linamjaa gesi, na duka la dawa linakuuzia probayotiki (bakteria hai wa kusaidia tumbo) za bei ghali likisema ndiyo tiba ya kesho.

Usiharakishe. Faida ya probayotiki hutegemea aina mahususi ya bakteria na idadi yake, hivyo kopo lisilotaja aina hiyo kwa jina kamili liache hapo hapo rafuni. Kesho ninayoiamini mimi ni ya tiba zilizopimwa kama dawa nyingine yoyote: Novemba 2022 Marekani iliidhinisha Rebyota, inayotengenezwa kwa kinyesi cha watu wenye afya (naam, kinyesi), ili kuzuia maambukizi ya Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuharisha kukali hasa baada ya antibayotiki, yasirudi.

Kwa sasa mpe kikombe cha mala, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Uji wa wimbi uliochachushwa unafaa pia, ingawa ukishachemka jikoni bakteria wake hufa. Pribayotiki, yaani chakula cha bakteria hao, zimo katika vitunguu, vitunguu saumu na maharagwe. Ziongeze kidogo kidogo, kwa sababu zikizidi ghafla gesi ndiyo itakayopanda.

Akiharisha mfululizo, akipata homa au damu kwenye choo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Iwapo kinga yake ni dhaifu, kwa mfano anatibiwa saratani, asimeze vidonge hivyo kabla daktari wake hajaruhusu.