PhD ya matuta na tabianchi: mkuu, usianze na mvua, anza na kiangazi

Mkuu umeuliza kama PhD ya mabadiliko ya tabianchi na matuta ya reli na barabara (yale ya udongo ulioinuliwa, reli au barabara inapita juu yake) ni kuchukua tu makadirio ya mvua, unayatia kwenye programu, tuta linaporomoka kwenye skrini, unahitimu. Mimi nimetoka huko juzi juzi, ngoja nikwambie.

Nilianza na wazo hilo hilo lako. Hewa ikiongezeka joto digrii 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mvua kali zitakuwa kali zaidi, kwa hiyo matuta yatalowa na kuanguka, kazi imeisha. Miezi sita nzima nilikuwa nachora grafu. Siku moja supavaiza akaniuliza, hili tuta miaka ya nyuma limeshanyeshewa mvua kubwa kuliko hiyo na halikwenda popote, sasa kwanini lianguke safari hii? Aisee nilibaki kukodoa macho.

Jibu liko kiangazini. Udongo ambao haujajaa maji una maji kidogo yaliyonasa katikati ya chembe na yanazivuta zishikane, sisi tunaita saksheni, ndo maana mchanga mbichi unafinyangika ila ukiukausha kabisa au ukiuloweka chapachapa unamwagika. Tuta la udongo wa mfinyanzi linajiegemeza sana kwenye huo mvuto. Sasa jua likipiga muda mrefu saksheni inapanda, tuta linakuwa gumu kama tofali na ukilipima siku hiyo utasema hakuna tuta salama kama hili, kumbe huku linasinyaa na kupasuka. Mvua ikirudi haipiti juu tena, inazama kwenye nyufa, tabaka la juu linapitisha maji mara kumi hata mara mia kuliko lilivyopimwa siku linajengwa, udongo unafura, saksheni inayeyuka. Likikauka tena, likilowa tena, kila mzunguko mteremko unasogea kidogo kwenda chini na haurudi ulipokuwa, na mfinyanzi ukishasogezwa hivyo nguvu yake inashuka polepole. Skempton, mtaalamu wa uhandisi wa udongo, alishaeleza mwaka 1964 kwanini miteremko ya mfinyanzi mgumu inaanguka miongo mingi baada ya kuchongwa. Tabianchi inachofanya ni kuiharakisha hiyo safari, kwa hiyo ile mvua ya mwisho inayolaumiwa na kila mtu inaweza ikawa ya kawaida kabisa.

Sasa maumivu yangu. Nilifukia tensiometa, yaani vipimo vya saksheni vyenye maji ndani, kwenye tuta, nikaomba Mungu ukame uje, na ukaja kweli. Ndani ya wiki mbili zote zikanyamaza. Tensiometa za kawaida zikifika kama kilopaskali 80 au 90 maji ya ndani yanaingiwa na hewa na usomaji unakatika, na hii kitu imeandikwa kwenye kila kitabu, mimi nilikuwa nimeisoma nikapita. Kabla sijazijaza upya mvua ikawa imeshafika, yaani kile kipindi nilichokisubiri mwaka mzima ndo sina data yake. Changanya na sensa za aina nyingine zinazovumilia ukavu, na weka za unyevu pembeni, ila usije ukageuza unyevu kuwa saksheni kwa mkunjo mmoja tu wa grafu maana udongo unaokauka na unaolowa haufuati njia moja. Hapo mtahini wangu alinibana vibaya sana.

Nilichookolewa nacho ni sentrifuji, mashine inayozungusha modeli ndogo ya tuta kwa kasi ili uzito wake uongezeke. Ukizungusha modeli kwa mara 50 ya nguvu ya mvutano, maji yanasafiri ndani ya udongo kana kwamba muda umezidishwa mara 2500, siku moja ni karibu miaka saba ya tuta halisi. Tamu sana kuandika kwenye proposo, ila mvukizo haukubali hesabu hiyo kirahisi, na kukausha mfinyanzi ukiwa unazunguka ni kazi ya fundi kuliko ya msomi. Mimi matokeo yangu niliyalinganisha na ya lile tuta la utafiti la Chuo Kikuu cha Newcastle huko Northumberland, lilijengwa 2005, urefu mita 90, sehemu limeshindiliwa vizuri na sehemu vibaya makusudi ili lifanane na matuta ya reli za zamani.

Miti ni uzi mwingine kabisa, ukiikata tuta linafura, ukiiacha linasinyaa kila kiangazi na reli inapinda, sitaki ugomvi hapa.

Kwa hiyo kabla hujasaini waulize hao wanaokupa nafasi swali moja, kuna mteremko ambao tayari una sensa zinazosoma angalau miaka miwili? Maana PhD ya miaka mitatu ukitoa mwaka wa kusoma na kuagiza vifaa unabaki na viangazi viwili, kimoja kikiwa cha mvua ndo umebaki na kimoja. Na niambie ni mfinyanzi wa aina gani, kama haupasuki basi nusu ya niliyoandika hapa haikuhusu.